Maegesho na mashala wa Malindi kwenye simuleta: uhariri uwanja wenyewe, au utumie GSX, WED, FlightGear?

Jumapili moja kwenye simuleta nilishusha Dash 8-400, ndege ya abiria ya propela mbili, hapa Malindi, kusi ikivuma puani, njia ya kurukia ya 17. Nikapunguza mwendo vizuri, nikageuka, nikaingia uwanja wa kuegeshea. Mashala, yaani yule anayeiongoza ndege kwa ishara hadi isimame, alikuwa pale, koti la kung'aa, vibao viwili mkononi. Nikamfuata. Akaniita, akaniita, mpaka propela ya kushoto ikampitia kifuani naye bado ananiita. Hakudhurika, ni picha tu, lakini nilizima injini nikakaa kimya. Uwanja huu nauona kwa macho yangu karibu kila wiki. Najua vijana wanaofanya kazi ile wanavyojihadhari na propela, na kuiona kazi yao ikichorwa vile kuliniuma.

Wiki ile ile kijana mmoja wa Lamu, ambaye kila jioni akitoka kazini huruka kwenye simuleta na Caravan, ndege ndogo ya propela moja, kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, akaniandikia: "Kaka, naona kuna njia nne za kurekebisha maegesho. Nishike ipi?" Nilimjibu kwa urefu, na jibu lile ndilo ninalolipanga hapa kwa yeyote aliyekwama pale alipokwama yeye.

Kwanza jua kilichokosea

Kwenye simuleta, tunachokiita maegesho ni vitu vitatu, na watu wengi hupoteza siku nzima kwa kurekebisha kimoja wakati kosa liko kwenye kingine.

Cha kwanza ni nafasi yenyewe: nukta ardhini, upande ambao pua inaelekea, na ukubwa unaosema ndege gani itaenea. Ndipo ndege yako hutokea unapoanza safari, na ndipo mnara na ndege nyingine hupatambua. Cha pili ni mahali pa kusimama, yaani pale gurudumu la pua linapotakiwa kukoma. Cha tatu ni mashala: amesimama wapi na ameelekea wapi.

Mtu wa Lamu hahitaji maelezo marefu. Nafasi ya chombo gatini ni jambo moja, pale kamba inapofungwa ni jambo jingine, na yule kijana wa ukingoni anayempungia nahodha mkono ni jambo la tatu. Kijana unaweza kumsogeza bila kugusa gati. Lakini kama gati limejengwa pabaya, umsogeze kijana mara ngapi, chombo kitagonga tu.

Kwetu hapa jambo hili lina uzito kuliko Jomo Kenyatta, Nairobi. Malindi na Manda hakuna madaraja ya kuunganisha ndege na jengo. Abiria wanashuka kwa ngazi na kutembea kwa miguu, na wa Manda wanaendelea hadi gatini kupanda boti ya kuvuka kwenda mjini Lamu. Rubani anategemea mistari iliyopakwa chini na mtu aliye mbele yake.

Kabla ya kufungua programu yoyote, piga hesabu. Dash 8-400 ina upana wa mabawa wa mita 28.4, na Cessna 208B Grand Caravan mita 15.9. Kwa mpangilio wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kuanzia mita 15 hadi chini ya 24 ni herufi B, na kuanzia 24 hadi chini ya 36 ni herufi C. Kwa hiyo Caravan imeingia B kwa chini ya mita moja tu, na anayeipangia nafasi ya A kwa kuiona ndogo ameshakosea. Kiambatisho cha 14 cha ICAO kinataka ndege iliyoegeshwa iachiwe nafasi ya mita 3 kwa A na B, na mita 4.5 kwa C. Ukitaka Dash na Caravan zikae ubavu kwa ubavu, chukua nusu ya kila upana: 14.2 na 7.95, jumla 22.15. Ongeza 4.5. Mstari wa kati wa moja hadi wa mwenzake unapata mita 26.65. Kwenye mandhari niliyonunua, yaani pakiti ya uwanja iliyochorwa na mtu mwingine, pengo hilo halikufika mita 20, kwa hiyo bawa la Dash lilikuwa juu ya bawa la Caravan kabla hata mashala hajaingia kwenye hadithi.

Kuhusu mashala, Kiambatisho cha 2 cha ICAO kinaeleza wazi: kwa ndege ya mabawa anasimama upande wa kushoto wa ndege, akiielekea, mahali ambapo rubani atamwona vizuri zaidi. Sababu ni kwamba nahodha wa ndege hukaa kiti cha kushoto. Ndege yenye propela hudai zaidi, maana huyo mtu lazima awe nje kabisa ya mzunguko wa propela tangu ndege inapoingia hadi inaposimama.

Nitakavyozipima

Njia zote nne nimezipima kwa mambo yale yale: inasogeza kipi kati ya vile vitatu, inafikia usahihi gani, inataka nini kwa pesa, mashine na bando, na kazi yako inabaki wapi siku programu ikisasishwa au mwenzako akiitaka. Kisha nasema inamfaa nani. Wepesi wa kujifunza sikuupa kifungu chake kwa sababu unategemea mtu. Nimeona fundi wa simu akiielewa XML, namna ya kuandika faili za kompyuta, kwa nusu saa, na mwalimu wa kompyuta akiikimbia.

Kihariri cha ndani cha Microsoft Flight Simulator

Inasogeza nini. Nafasi yenyewe. Unawasha hali ya msanidi kwenye mipangilio, unapakua SDK (zana za watengenezaji), unafungua mradi mpya, unauweka uwanja wa HKML, ndiyo alama ya Malindi, ndani yake, na kila nafasi inaonekana kama duara ardhini. Unaivuta, unaizungusha, unabadilisha nusukipenyo. Dash ipe si chini ya mita 14.2, Caravan si chini ya 7.95. Ndege za programu zenyewe hutumia namba hiyo kuamua kama zinaenea, kwa hiyo ukiibana ili picha ipendeze, Dash haitakuja kuegesha pale. Mashala wa simuleta hii humpangi mmoja mmoja. Yeye hufuata nafasi unayopewa na mnara, kwa hiyo ukirekebisha nafasi umerekebisha na yeye, kwa kadiri programu inavyomweka.

Usahihi. Mzuri sana, kwani unafanya kazi juu ya picha ya satelaiti ile ile utakayoiona ukiruka. Hilo lina maana kubwa. Picha za satelaiti za kampuni tofauti zinaweza kuachana kwa mita kadhaa, kwa hiyo usipime kwenye ramani ya simu halafu ukaleta namba hapa. Pima kwenye picha ya simuleta yenyewe.

Kuna mtego mmoja lazima niuseme. Ili nafasi za zamani ziondoke, unaweka alama ya kufuta njia za ndege za uwanja ule, na alama hiyo hufuta njia za kuingilia pamoja na maegesho yote kwa mkupuo. Lazima uzichore zote upya na kuunganisha kila nafasi na njia yake, la sivyo mnara hautajua kukuongoza. Kwa uwanja mkubwa hiyo ni kazi ya wiki. Kwa Malindi, yenye njia kuu ya kurukia ya mita 1,400 hivi na uwanja mdogo wa kuegeshea, nilimaliza kati ya sala ya alasiri na magharibi. Hapa udogo wa kwetu ni neema.

Pesa, mashine na bando. Kihariri ni bure ukishakuwa na simuleta. Simuleta yenyewe ndiyo nzito: toleo la 2020 linataka gigabaiti 150 za diski, na la 2024 limepunguza hadi 50 kwa kuvuta mandhari mtandaoni unaporuka, yaani bando linaliwa kila siku badala ya mara moja. Mwenye Xbox asihangaike na njia hii, ni ya kompyuta tu.

Baadaye. Kazi yako ni pakiti inayokaa kwenye folda ya Community, unaweza kumpa yeyote. Hatari ni pakiti mbili za HKML kugombana. Ukiwa na mandhari ya kununua na juu yake pakiti yako, utaona nafasi zikirudufika, ndege ikitokea ndani ya nyingine.

Inamfaa nani. Anayetumia uwanja wa Malindi au Manda uliokuja na simuleta, ambaye kosa lake liko ardhini, na anayetaka ndege nyingine na mnara nao zifuate marekebisho.

GSX Pro

Hii ni programu ya FSDreamTeam, ya kulipia, iliyofika Microsoft Flight Simulator mwaka 2022. Inaleta magari ya mizigo, ngazi, mafuta, na mashala anayekuita kwa ishara kamili.

Inasogeza nini. Cha pili na cha tatu, tena kila kimoja peke yake. Unasimama kwenye nafasi, unafungua menyu ya kubadilisha maegesho, na unaweza kushika mahali pa kusimama ukapasogeza mbele au nyuma, kisha ukamshika mashala ukampeleka kushoto nje ya bawa. Ukiifungua faili ya ini inayohifadhiwa utaona ni mistari miwili tofauti, mmoja wa kusimama na mwingine wa mtu mwenyewe. Ndiko nilikomponya yule mashala wangu. Nilimtoa mbele ya injini ya kushoto, nikamsogeza mpaka akawa mbele ya ncha ya bawa, nikamgeuza auangalie usukani wa nahodha. Nikarudi kwenye kiti, nikaingia tena. Safari hii nilimwona kwenye kioo cha kushoto toka naanza kugeuka, akinyoosha mikono pande zote, akiipandisha taratibu hadi vibao vikakutana juu ya kichwa. Hiyo ndiyo ishara ya kusimama kwa kawaida. Nikimwona akiipandisha mikono kwa ghafla na kuvikutanisha vibao, najua ni ya dharura.

Usahihi. Wa juu kuliko zote kwenye jambo la kusimama, kwa sababu GSX huhesabu kutoka gurudumu la pua la ndege yenyewe, na kila ndege ina wasifu wake. Sehemu hii huwachanganya watu. Ukisimama mita 2 mbele ya mstari na Dash, lakini Caravan ikasimama sawasawa, uwanja hauna kosa. Wasifu wa Dash ndio wenye kosa. Usiguse maegesho. Rekebisha ndege.

Pesa, mashine na bando. Unanunua mara moja, juu ya bei ya simuleta. Mafaili ya uwanja ni madogo mno, yanatumwa hata kwa WhatsApp.

Baadaye. Mafaili yanakaa kwenye folda ya Virtuali, nje ya uwanja, kwa hiyo masasisho ya simuleta hayayafuti. Lakini yanashika jina na namba ya nafasi. Mwenye mandhari akibadilisha namba, nafasi ya 2 ikawa ya 4, marekebisho yako yanabaki hewani na unaanza upya. Pia ndege nyingine hazihusiki na unachofanya huku. Ni kati yako na mashala wako.

Inamfaa nani. Aliyenunua mandhari nzuri asiyetaka kuifungua, ambaye nafasi ziko sawa ila mtu au mstari wa kusimama umekaa vibaya. Pia anayerusha ndege za aina nyingi kwenye nafasi moja.

WED pamoja na AutoDGS, kwa wa X-Plane

Inasogeza nini. WorldEditor, wenyewe tunaiita WED, ni ya bure kutoka kwa Laminar Research, watengenezaji wa X-Plane. Inashika nafasi yenyewe. Kwenye faili ya uwanja kila nafasi ni mstari unaoanza na 1300, wenye latitudo, longitudo, mwelekeo, aina na ndege zinazoruhusiwa. Unaofuata ni 1301, wenye herufi ya ukubwa A hadi F, kazi ya nafasi, na herufi tatu za mashirika. Hapo ndipo ile hesabu ya Caravan kuwa B inapokulipa. Mashala analetwa na AutoDGS, programu-jalizi, yaani nyongeza inayowekwa ndani ya X-Plane, nayo ni bure. Inasoma nafasi zilizopo na kumweka mashala mwenyewe bila wewe kumchora, na ipo amri ya kumleta karibu ukimwona yuko mbali. Uhuru wa kumtenga pembeni kama kwenye GSX hupati.

Usahihi. Unategemea picha unayoiweka chini ya WED. Kwa kipimo cha mkono kumbuka hili: 0.00001 ya digrii ni kama mita 1.1. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, Malindi ikiwa takriban digrii 3 kusini na Lamu digrii 2, hesabu hiyo inafanya kazi karibu sawa kwa latitudo na longitudo. Mwenzetu wa Uingereza lazima aikate kwa longitudo. Sisi tunaandika tu.

Pesa, mashine na bando. X-Plane ni ya kununua, ila unachagua sehemu za dunia za kupakua. Mtu wa Lamu anayeruka Pwani tu anaweza kuacha Amerika yote. Kwa wenye bando la kuhesabu hilo si jambo dogo.

Baadaye. Hapa WED inazishinda zote kwa jambo moja ninalolipenda kwa moyo. Marekebisho yako unaweza kuyapeleka kwenye Scenery Gateway ya Laminar, na yakikubaliwa yanaingia kwenye masasisho ya X-Plane yenyewe, kwa kila mtu duniani. Mtu wa Oslo akichagua HKLU, alama ya Manda, anatokea pale ulipopapanga wewe. Mashala haendi kule kwa sababu ni wa programu-jalizi, lakini kwa kuwa AutoDGS inasoma nafasi zako, mwenye kuwa nayo atampata mahali pake.

Inamfaa nani. Anayetaka Malindi au Manda iwe sawa kwa wote, si kwake tu, na ambaye yuko tayari mashala awe wa kawaida.

FlightGear

Hii ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa hata na kompyuta ambazo hizo nyingine zitazikataa. Maegesho ya Malindi yanakaa kwenye faili moja ya maandishi, HKML.groundnet.xml. Kila nafasi ni mstari mmoja: jina, aina, latitudo, longitudo, mwelekeo, nusukipenyo kwa mita. Unaifungua kwa kihariri chochote cha maandishi. Angalia jambo moja tu: latitudo na longitudo zimeandikwa kwa digrii na dakika, si digrii zenye nukta. Dakika moja ni mita 1,852, kwa hiyo 0.001 ya dakika ni karibu mita 1.9. Anayenakili namba za WED bila kuzigeuza atajikuta baharini.

Usahihi unatosha. Pesa hakuna. Kumtuma mwenzako ni kumtumia faili moja. Kwa mashala, sitampendekezea mtu FlightGear kama yeye ndiye sababu ya kuja. Inamfaa anayeanza, mwanafunzi, au mwenye kompyuta ya zamani anayetaka kuelewa nafasi ya ndege imeundwaje kabla hajalipia chochote. Mimi mwenyewe nilijifunza hapa maana ya nusukipenyo, na bado namwambia kila kijana aifungue ile faili walau mara moja.

Kwa hali yako

Ukiwa kwenye Microsoft Flight Simulator na uwanja wa bure wa HKML, ndege zikigusana mabawa: kihariri cha ndani. GSX haitakusaidia, kwa kuwa mashala aliyepangwa vizuri kwenye nafasi mbaya anakuita kwenye ajali.

Ukiwa na mandhari ya kununua na nafasi ziko sawa: GSX, na usiguse kingine. Ukiwa na mandhari ya kununua na nafasi ni mbaya, kama ilivyonikuta mimi, mwandikie kwanza aliyeitengeneza, umpe vipimo kwa mita na picha. Nilifanya hivyo. Wakati wa kusubiri nilitumia GSX kumtoa mashala kwenye propela, nikawa naegesha Caravan peke yake mpaka pengo lipanuliwe.

Ukihitaji ndege nyingine zije kuegesha karibu nawe, GSX pekee haitoshi. Rekebisha nafasi, kwa kihariri cha ndani, WED au faili ya FlightGear kulingana na simuleta uliyonayo.

Kama bando ni la kuhesabu na mashine ni ya wastani: X-Plane na sehemu ya Afrika peke yake, au FlightGear.

Yule kijana wa Lamu alikuwa na X-Plane tayari, na kosa lake lilikuwa ardhini: Caravan ilitokea ikiwa imeelekeza mkia kwenye njia ya abiria wanaokwenda gatini. Alishika WED. Alizungusha nafasi mbili, akabadilisha A kuwa B, akaweka AutoDGS. Juzi amenitumia picha aliyoipiga kutoka kiti cha kushoto, jua linatua upande wa mikoko, propela imesimama, na nje ya kioo mtu wa koti la kung'aa ameshika vibao vilivyokutana juu ya kichwa. Chini ameandika: "Kaka, gurudumu liko juu ya mstari. Kesho napeleka Gateway."